Fundi, niweke V-Power au super ya kawaida? Okteni sio nguvu, na sio dawa ya injini

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300, otomatiki. Naishi Arusha na karibu kila wiki mbili napeleka mzigo wa vitenge Nairobi kupitia Namanga, nikishashusha narudi siku hiyohiyo. Nikiwa Nairobi najaza V-Power, ile petroli ya premiamu ya Shell, sababu fundi wangu aliniambia ina okteni kubwa, inasafisha injini na inaongeza nguvu, na kweli wakati wa kurudi naona gari nyepesi kabisa. Shida ni huku nyumbani, nikipanda mlima na mzigo inatoa sauti kama kokoto kwenye kopo, halafu siku hizi inakula mafuta sana. Fundi anasema injini imeshazoea premiamu kwahiyo petroli ya huku inaiumiza, niwe naongeza chupa ya okteni busta kila nikijaza, anaziuza mwenyewe. Je niendelee? Na hii ya injini kuzoea ni kweli?

JIBU: Dada yangu, hapana, na naomba kabla ya yote uache kununua hizo chupa leo hii. Injini haizoei mafuta. Sio mtoto aliyezoeshwa soda. Kompyuta ya gari inasoma kila sekunde kinachotokea ndani na kurekebisha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ukibadilisha mafuta inajipanga upya ndani ya safari hiyohiyo au mbili tatu, haibaki na kumbukumbu ya V-Power ya wiki jana ikaanza kususa. Mtu aliyekwambia hivyo aidha hajui, au anajua na anataka uwe mteja wake wa kudumu.

Tuanze na huo wepesi maana sisemi unajidanganya, unausikia kweli. Unaenda Nairobi na marobota ya vitenge, unarudi gari tupu. Halafu Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na Arusha iko kama 1,400, kwahiyo ukijumlisha safari nzima wakati wa kurudi unashuka, na kadri unavyoshuka hewa inakuwa nzito zaidi na injini isiyo na turbo inavuta hewa nyingi zaidi, inapata pumzi. Gari tupu, inashuka, inapata hewa nzuri, lazima iwe nyepesi! Safari ijayo jaza super ya kawaida Nairobi, usimwambie mtu, urudi nayo. Utaona wepesi ni uleule.

Sasa hii ya okteni ndio inaninyima raha, maana naisikia gereji kila wiki na kila aliyeiamini ameiamini kwa hela yake. Watu wanadhani okteni ni kipimo cha nguvu, kwamba 95 ni kama chai ya tangawizi nyingi na 91 ni chai ya rangi. Okteni haipimi nguvu hata kidogo. Inapima uvumilivu. Yaani mafuta yanaweza kukandamizwa na kupashwa joto kiasi gani kabla hayajajilipukia yenyewe bila kusubiri plagi. Kipimo kilitengenezwa kwa vimiminika viwili, iso-okteni ikapewa 100 sababu inavumilia sana, na heptani ikapewa 0 sababu inajilipukia hovyo, basi petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wenye 95 ya ile ya kwanza na 5 ya hii ya pili. Hakuna mahali popote hapo pamepimwa nguvu. Lita ya 91 na lita ya 95 zina nishati karibu sawasawa.

Ndani ya silinda iko hivi. Pistoni inapanda, inabana hewa na mafuta, kwenye IST yako inabana kama mara 10.5, plagi inatoa cheche na moto unaanza pale kwenye plagi unasambaa kwenda pembeni kama moto kwenye nyasi kavu. Ule mchanganyiko wa pembeni ambao moto haujaufikia unazidi kubanwa na kupata joto, na kama uvumilivu wake ni mdogo unalipuka wenyewe kwa mkupuo kabla ya zamu yake, ndio hapo unasikia zile kokoto, sisi mafundi tunaita kugonga. Mafuta ya okteni kubwa yanasubiri. Hiyo ndio kazi yake yote, kusubiri. Kama injini yako haibani kiasi cha kuhitaji subira hiyo basi umenunua subira ambayo haitatumika, na kompyuta ya IST haikupangiwa kusogeza taimingi mbele zaidi ya pale kiwandani walipoweka kwa mafuta ya kawaida.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, walilipima hili mwaka 2016, wakachukua gari ya V8, ya V6 na ya silinda nne, zote zimeandikiwa regula, yaani petroli ya kawaida, wakaziwekea premiamu na kuzipima nguvu, ulaji na moshi. Hawakuona faida ya maana. Wakakadiria kwamba Wamarekani kwa mwaka mmoja walitumia dola bilioni 2.1 kwa premiamu ambayo magari yao hayakuihitaji. Na wewe piga hesabu yako, tuseme tofauti ni shilingi 200 za kwetu kwa lita na unajaza lita 40 kwa wiki, ni 8,000 kila wiki, kwa mwaka ni 416,000. Hiyo ni sevisi kadhaa za uhakika, pamoja na plagi.

Unataka kujua gari yako inataka nini? Usiulize fundi, usiulize kijana wa sheli, fungua kifuniko cha tanki. Gari ikiwa imetoka Japani utakuta stika ndogo, mara nyingi imefubaa na jua, ina maandishi ya Kijapani na watu wengi wanaibandua wakati wa kupiga rangi. Ikiandikwa レギュラー hiyo inasomeka regyura, ni mafuta ya kawaida. Ikiandikwa ハイオク inasomeka haioku, au プレミアム, premiamu, basi gari hiyo inataka okteni kubwa. Fananisha tu herufi na simu yako, huhitaji kujua Kijapani. Na hapa kuna kitu watu hawakijui kabisa, regula ya Japani kiwango chake cha chini ni 89. Themanini na tisa! Haioku yao ndio inatakiwa isishuke 96. Super ya kawaida inayouzwa kihalali Kenya na Tanzania haiko chini ya hiyo regula ya Japani, kwahiyo IST, Vitz, Passo, Probox, Raum, Premio na ndugu zao wote waliotengenezewa regula wanakunywa mafuta yaleyale au bora kuliko waliyokusudiwa. Hawana upungufu wowote wa kujaziwa na chupa.

Tena kwa mtu unayepanda Nairobi ndio kabisa. Huko juu hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, mbano unapungua wenyewe, na injini isiyo na turbo inahitaji okteni ndogo kuliko ikiwa Tanga au Dar. Marekani kwenye majimbo ya milimani kama Colorado wanauza regula ya 85 wakati kwingine ni 87. Yaani umekuwa ukinunua okteni kubwa mahali ambapo gari yako haiihitaji hata kama inavyoihitaji huku chini.

Kwa kuwa nimetaja namba za Marekani nizimalize, maana kuna wadogo zetu wanaangalia video za kule wanaona 87, 91, 93, halafu wanakuja kubishana kwamba 91 ya kwao ni premiamu na ya kwetu ni regula. Vipimo ni tofauti. Marekani wanachukua wastani wa njia mbili za kupima, sisi, Ulaya na Japani tunatumia ile njia moja inayoitwa RON inayotoa namba kubwa zaidi. 87 ya Marekani ni kama 91 ya kwetu, 91 yao ni kama 95. Petroli ni ileile, rula ndio mbili.

Sasa nisieleweke vibaya, yapo magari yanayohitaji premiamu kwelikweli na wenye nayo wakibana hela hapo wanaumia. Forester na Impreza za turbo, Legacy ya turbo. Mark X ya kwanza ile ya 2.5 ni ya haioku, iliyofuata ya 2.5 waliipanga upya itumie regula na ndio maana nguvu yake kwenye makaratasi ilishuka kutoka 215 mpaka 203. Golf, Audi, BMW na Mercedes zilizopitia Japani karibu zote zina stika ya haioku, na sababu ni rahisi, Ulaya petroli ya kawaida ni 95 na regula ya Japani haifiki hapo, kwahiyo wakiwa Japani ilibidi waandikiwe ile ya juu, ila nyingi kinachotakiwa hasa ni isiwe chini ya 95. Kama una gari ya hivi tafuta sheli inayoandika namba ya okteni kwenye pampu na ukae nayo, na ukikwama porini na mafuta ya kawaida, endesha taratibu, usikanyage mpaka chini, usibebe mzigo, sensa ya kugonga itarudisha taimingi nyuma na kulinda injini, utapoteza nguvu na itakula zaidi lakini utafika.

Nina pistoni moja kwenye meza yangu ya kazi, imekuwa hapo miaka. Ilitoka kwenye gari ya turbo, mwenyewe alikuwa ameongezewa presha ya turbo na kijana mmoja wa mtaani bila kubadilisha kitu kingine chochote, akaendelea na mafuta yaleyale. Ukiishika kwa juu ni nzima, nyeusi ya kawaida. Igeuze ubavu, kati ya ringi ya kwanza na ya pili kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kimemeguka, na kwenye ukingo wa juu aluminiamu imekuwa na vitobo vidogovidogo kama imeliwa na mchwa. Hiyo ndio kazi ya zile kokoto zikiachwa zipige. Ndio maana sauti yako siipuuzi, ninachokataa ni dawa uliyopewa.

Na hii ya kusafisha injini. Ni kweli V-Power na premiamu nyingine kama hiyo zinawekwa viungo vya kusafisha nozeli, hilo ni jambo la kweli, lakini ni jambo tofauti na okteni, ni kama sabuni iliyotiwa kwenye maji, haihusiani na maji kuwa ya moto au baridi. Ukipenda weka tanki moja moja, haitakudhuru. Ila sabuni hiyo haibadilishi plagi iliyokwisha, haifungui ea klina iliyojaa vumbi la njia ya Longido, na kwa wenye injini za D-4 ambazo nozeli inapulizia moja kwa moja ndani ya silinda, mafuta hayapiti hata kidogo kwenye valvu za kuingiza hewa, kwahiyo ule uchafu wa kwenye valvu hausafishwi na petroli ya aina yoyote duniani.

Turudi kwa IST. Nikiangalia dalili zako mbili, kugonga ukipanda na mzigo pamoja na kula mafuta, swali langu la kwanza ni hili: themostati ipo, ile valvu inayofungua na kufunga maji ya kupoza injini? Nauliza hivyo sababu huku kwetu imekuwa desturi, gari ikichemsha mara moja fundi anachomoa themostati anatupa anasema hii ni ya nchi za baridi. Sio ya nchi za baridi! Inafanya maji yafike kwenye joto lake, kwa Toyota hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na kompyuta ikiona maji hayajafika inaamini injini bado ni ya baridi ya asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada siku nzima. Hapo ndio yanapoenda mafuta yako. Halafu yale mafuta ya ziada yasiyoungua vizuri yanaganda kuwa kaboni juu ya pistoni na kwenye silinda hedi, chumba kinapungua, mbano unaongezeka, kaboni yenyewe inashika moto kama mkaa, na injini iliyozaliwa ya regula inaanza kugonga kama ya haioku. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Fundi wako ameona dalili ya kugonga akaiuzia chupa.

Inaweza isiwe hiyo. Inaweza kuwa plagi za saizi isiyo yake, sensa ya hewa imejaa vumbi, mpira wa hewa umepasuka injini inavuta hewa ya wizi, au O/D, ile swichi ya overdrive kwenye gia, umeizima bila kujua na gari haiingii gia ya mwisho, wadada wengi wameletwa kwangu kwa hilo tu na walikuwa wameshauziwa gia boksi. Hata hiyo sauti yenyewe hakikisha ni kugonga kweli, maana bati la kuzuia joto kwenye egzosi likilegea linalia karibu vilevile. La bati linalia hata gari imesimama ukigusa mafuta kwenye mzunguko fulani, kugonga kwa mafuta kunakuja injini ikiwa ya moto na imeelemewa, ukiachia mguu kunakata papo hapo.

Hizo chupa. Nyingi zinaandika zinaongeza pointi kadhaa na mtu anaelewa kwamba 91 itakuwa 96, wakati kwenye biashara hiyo pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya okteni, kwahiyo pointi 5 ni 91 kwenda 91.5. Na zile ambazo zinafanya kazi kidogo, zipo zilizotengenezwa kwa madini ya manganizi na zipo za chuma, madini hayo hayaungui yakapotea, yanabaki. Mwaka huu nimefungua plagi za gari iliyonyweshwa chupa hizo kwa miezi, kauri nyeupe ya mdomoni imekuwa nyekundu ya tofali, na utando ule unapitisha umeme, cheche badala ya kuruka mdomoni inateleza pembeni, gari inamisi, mwenye gari anaambiwa koili zimekufa anunue nne. Chupa ikazaa koili.

Na ndio walivyo hawa waganga njaa wa magari, dawa moja kwa kila ugonjwa, hakuna kupima. Wapo wanaoshauri kutia naftalini, vile vidonge vya kuwekea nguo, kwenye tanki ili petroli iwe kali, vinayeyuka ndio, halafu vinakuja kuganda kwenye njia za mafuta. Wapo wanaotoa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi, kwenye egzosi wakidai gari itavuta, kisha wanakwenda kuyauza maana ndani yana madini ya thamani, na mwenye gari analipia kuibiwa. Wapo wanaozima taa ya cheki injini kwa kuchomoa balbu. Wazee nao wanasema petroli ya zamani ilikuwa na nguvu, ilikuwa na risasi tu wazee wangu, risasi ndio ilikuwa okteni busta ya enzi hizo, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006 sababu ilikuwa inaharibu akili za watoto.

Kitu pekee kinachoweza kuifanya petroli ya huku iigongeshe IST nzima ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana uvumilivu mdogo sana, yakichanganywa kwenye petroli okteni inaporomoka na hapo hakuna stika itakayokuokoa. Ndio maana EWURA, wasimamizi wa mafuta hapa Tanzania, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe kuchanganya, na Kenya nao 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 zao kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Biashara ikapungua sana lakini ya madumu ya barabarani na chupa za maji zilizopangwa kwenye stuli bado ipo, na huko hujui unauziwa nini. Wewe jaza sheli moja yenye magari mengi, mafuta hayakai siku nyingi kwenye tanki lao, chukua risiti kila mara, gari ikianza kugonga ghafla siku uliyojaza una pa kuanzia.

Kwahiyo super ya kawaida, kote Nairobi na Arusha, bila chupa. Tafuta mwenye mashine ya kupima, aichomeke, muende nayo barabarani dakika 20 huku anasoma joto la maji, mwambie akuonyeshe namba kwenye kioo usikubali kuambiwa kwa mdomo. Ikikaa kwenye 60 au inashuka kila ukiongeza mwendo, themostati haipo au imekwama wazi, nunua ya joto lilelile la kiwandani iwekwe. Ikiwa joto liko sawa, zifunguliwe plagi zote nne, zipangwe kwenye kitambaa kisafi kwa mpangilio wa silinda ya kwanza mpaka ya nne, asizifute wala kuzipiga brashi, uzipige picha karibu kwenye mwanga wa jua upande wa mdomo halafu unitumie.